Siwa si baragumu tu

Wanahabari wetu huchanganya makavazi na makumbusho. Makavazi ni hifadhi ya nyaraka. Makumbusho, kutokana na kumbuka na kumbusha, ni mahali pa vitu vya kututia kumbukumbu. Sasa, kitu kikikumbusha na neno lake likasahaulika, je?

Nina kisa cha Lamu. Jengo la Makumbusho ya Lamu, lililoelekea bahari, ni la karne ya 19, na maofisa wa kikoloni waliwahi kulifanya makazi. Lilifunguliwa kwa umma mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndani mna viti vya enzi, vito, na vielelezo vya mitepe, vile vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Mimi nikifika huenda moja kwa moja kwenye siwa mbili: ya Pate, ya pembe za ndovu, ndefu kuliko mtu mzima, na ya Lamu, ya shaba.

Kamusi hueleza siwa kwa maneno mawili matatu: baragumu kubwa. (Ipo siwa nyingine, kisiwa kikubwa, hiyo tuiache.) Si kosa, ila haitoshi. Siwa hupulizwa kwa tundu la ubavuni, na haikupulizwa na yeyote wala kwa yeyote. Ilikuwa ya kutawazwa mtawala na ya sherehe za waungwana. Watumwa na uzao wao hawakuwa na haki hiyo, na maelezo yasilifiche jambo hilo. Habari za Pate humsimulia Mwana Darini, ambaye alipotaka kumfanyia mwanawe sherehe, aliagiza siwa yake mwenyewe ichongwe. Mama yule hakugharimika hivyo kwa ajili ya tarumbeta, jamani!

Wanafunzi wangu wanaijua vuvuzela, siwa hawaijui. Ningekuwa na usemi, maelezo ya kila kifaa yangetanguliza Kiswahili, Kiamu kikiwemo, na wanakamusi wangeketi kwanza na wazee wa Mkomani na Langoni. Kwa sasa napendekeza kidahizo hiki:

siwa nm [i-/zi-] baragumu kubwa la pembe za ndovu au shaba, lipulizwalo ubavuni, lililokuwa alama ya enzi na uungwana katika miji ya Pate na Lamu.