Mfamasia Alivyofika Kwenye Kitanda cha Mahututi

Kiangazi cha mwaka 1952 mji wa Copenhagen ulikumbwa na polio. Siku za kilele, Hospitali ya Blegdam ilipokea wagonjwa wapatao 50 kwa siku, wengi wao watoto. Katika majuma matatu ya mwanzo, wagonjwa 31 waliopooza misuli ya kupumua waliwekwa kwenye mashine za wakati huo. 27 kati yao walifariki. Tarehe 27 Agosti aliitwa Bjørn Ibsen, daktari wa dawa za usingizi, ajaribu kumtibu binti wa miaka 12 kwa njia aliyoizoea katika chumba cha upasuaji: atobolewe koo, aingizwe mpira, kisha asukumiwe hewa kwa mkono kwa kubana mfuko. Binti alihangaika sana, akashindana na mfuko, na hewa ikakataa kuingia. Ibsen akamchoma sindano ya thiopentali. Alipolegea na kuacha kushindana, mfuko ukafanya kazi na hali yake ikatengemaa. Baadaye wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu usiku na mchana kubana mifuko hiyo, na Desemba 1953 Ibsen akaanzisha katika hospitali nyingine ya mji huo wodi ambayo wengi huihesabu kuwa chumba cha kwanza cha wagonjwa mahututi duniani.

Kisa hiki husimuliwa kama historia ya hewa na mashine. Humo humo imo historia ya dawa. Bila ile sindano mfuko usingefaa kitu. Na aliyeijua dawa, aliyeipima na aliyekuwa akimtazama mgonjwa usoni dawa ilipoingia alikuwa mtu mmoja, amesimama pale pale kitandani.

Mpango huo haukudumu, wala usingeweza kudumu. Vyumba vya mahututi vilipoenea Ulaya na Marekani, dawa ziliongezeka kuliko kichwa cha mtu mmoja kinavyoweza kubeba: za kupandisha presha, za kutuliza, za kulegeza misuli, za kuzuia damu kuganda, antibayotiki za kila aina. Aliyesomea dawa hizo kwa miaka mingi, yaani mfamasia, alikuwa mbali, aghalabu ghorofa ya chini, nyuma ya dirisha. Daktari aliandika, muuguzi akanakili, karatasi ikateremshwa, dawa zikapandishwa kwa makopo, na mchanganyiko wa dripu ukafanywa na muuguzi kwenye meza ya wodi, mara nyingi huku akiitwa na wagonjwa wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kenneth Barker, mfamasia wa Marekani, aliamua kuketi wodini na kutazama kwa macho yake jinsi dawa zinavyotolewa. Aliyoyaona yalizidi mno makosa yaliyokuwa yakiandikwa kwenye ripoti za hospitali. Makosa hayakufichwa kwa nia mbaya. Mara nyingi aliyekosea hakujua kwamba amekosea, na aliyeweza kujua hakuwapo.

Hapo ndipo safari ya kupanda ngazi ilipoanza, nayo ilianza kwa njia za kawaida kabisa. Aberdeen, Uskoti, katikati ya miaka ya 1960, madaktari na wafamasia walibuni fomu moja ya dawa inayokaa kwa mgonjwa: daktari aandike humo, muuguzi atie saini humo humo. Kwa kuwa fomu haikushuka tena dirishani, mfamasia aliyetaka kuisoma alilazimika kuifuata. Naiona karatasi ile kuwa na uzito kuliko hotuba nyingi zilizotolewa kuhusu taaluma hii. Akiwa wodini, mfamasia aliona yale ambayo orodha ya dawa haimwambii mtu: mkojo uliopungua tangu jana, mpira wa kulishia uliopita puani, mgonjwa asiyeweza kumeza vidonge alivyoandikiwa.

San Francisco walikwenda mbali zaidi. Septemba 1966 wafamasia wa Chuo Kikuu cha California walifungua kituo cha dawa ndani ya ghorofa ya tisa ya hospitali yao, ghorofa ya wagonjwa wa upasuaji, wakafanya kazi humo saa 24. Walitengeneza dawa jirani na wagonjwa, wakafuatilia matibabu, wakajibu maswali ya madaktari palepale. Mmoja wa waliousukuma mradi huo, Jere Goyan, baadaye aliongoza mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Wanafunzi waliopita ghorofa ile walitawanyika hospitali nyingine na desturi hiyo mkononi. Mwaka 1989 chama cha Marekani cha tiba ya mahututi kilikuwa na sehemu maalumu ya wafamasia.

Mtu anaweza kuuliza kuna nini hasa cha kufanya hapo kitandani. Chukua mfano ambao hospitali zetu zinaufahamu vizuri, maana vyote viwili vipo karibu kila wodi: seftriaksoni na maji ya Ringer. Maji hayo yana kalisi. Seftriaksoni ikikutana na kalisi kwenye mpira mmoja inaweza kuganda kuwa chembechembe, na mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya taarifa za vifo vya watoto wachanga ambao chembe hizo zilikutwa kwenye mapafu na figo zao. Kwa mtoto mchanga mchanganyiko huo ni mwiko. Kwa mtu mzima dawa hizo zinaweza kupishana, mradi mpira usafishwe katikati. Sasa mtazame mgonjwa mwenye kanyula mbili tu na dawa saba zinazosubiri kuingia. Lazima mtu apange ipi ipite wapi na saa ngapi, ipi haipatani na glukosi kama fenitoini, ipi ipunguzwe kwa kuwa figo zimechoka, na ipi ya kutuliza imekwisha kujilimbikiza mwilini hata mgonjwa anadhaniwa hazinduki kwa sababu ya ubongo wake. Daktari anayajua mengi ya haya, na muuguzi pia. Ila wote wawili wana mikono iliyojaa.

Ushahidi uliowanyamazisha wenye shaka ulitoka Boston. Katika hospitali ya Massachusetts General, Lucian Leape na wenzake walimweka mfamasia mwandamizi katika chumba cha mahututi chenye vitanda 17, azunguke na madaktari kwenye raundi ya asubuhi na apatikane kwa simu baadaye. Matokeo yalichapishwa Julai 1999. Madhara ya dawa yaliyoweza kuzuilika, yale yanayotokana na maagizo ya daktari, yalishuka kutoka 10.4 hadi 3.5 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa. Katika chumba cha kulinganishia, ambako hakuna aliyeongezwa kwenye raundi, hayakushuka: yalikuwa 10.9, yakawa 12.4. Mfamasia alitoa mapendekezo 366, na madaktari wakayakubali 362.

Nimeirudia namba hiyo ya mwisho mara nyingi. Kuna hofu ya kale kwamba daktari bingwa hatavumilia kusahihishwa na mfamasia. Huko Boston walivumilia karibu kila mara, kwa sababu neno liliwafikia kalamu ikiwa bado mkononi. Pendekezo lile lile likija saa tatu baadaye kwa simu kutoka ghorofa ya chini, dawa imekwisha ingia mshipani na linasikika kama lawama.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Marekani iliutambua ufamasia wa mahututi kuwa ubingwa unaojitegemea mwaka 2013. Janga la Uviko-19 lilipojaza vyumba hivyo mwaka 2020, dawa za kutuliza wagonjwa wa mashine, zikiwamo propofoli na midazolamu, ziliadimika, na wafamasia wakawa ndio wanaopanga kibadala gani kitumike na kwa dozi ipi.

Kwetu Afrika Mashariki mfamasia bado anapimwa zaidi kwa rafu: dawa zipo au hazipo. Ni kipimo cha haki, kwani hakuna ushauri wa kitandani utakaoziba pengo la dawa isiyofika. Hata hivyo yapo ya kutazamwa karibu. Eldoret, katika hospitali ya rufaa na mafunzo ya Moi, ushirikiano na shule ya ufamasia ya Chuo Kikuu cha Purdue ulioanza 2003 uliwaweka wanafunzi wa pande zote mbili kwenye raundi za wodi. Na utafiti wa Boston una jambo ambalo wasimamizi wa hospitali zetu wangefaa kulisoma mara mbili: mfamasia yule hakukaa chumbani kutwa. Kazi yake humo ilikuwa takriban nusu ya siku. Hospitali ya mkoa yenye wafamasia wachache inaweza kumwachia mmoja wao raundi ya asubuhi ya mahututi, na hesabu za stoo zikasubiri mchana.