Utoto wa Kizungu Mwadui

Mwadui, wilayani Kishapu, ni mji uliozaliwa na mgodi wa almasi ulioanzishwa na mwanajiolojia Mkanada, John Williamson, baada ya ugunduzi wa mwaka 1940. Watoto wa wataalamu wa Kizungu walikulia katika nyumba za kampuni, katikati ya nchi ya Wasukuma. Wapo wanaodai kuwa utoto huo haukuwa na doa, kwa kuwa Tanganyika haikupitia vita vya msituni kama Rhodesia, ambako familia za walowezi zilisafiri kwa misafara yenye ulinzi wa bunduki. Dai hilo linachanganya amani na usawa. Ubaguzi ulifanya kazi bila risasi: chini ya ukoloni, shule zilitengwa kwa rangi, za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na utengano huo ulifutwa kisheria mwaka 1962 tu. Kweli, mtoto wa Kizungu hakuuchagua mfumo huo, wala hastahili kubebeshwa lawama yake. Lakini alifaidika nao kila siku, na kumbukumbu zake tamu, hata zikiwa za kweli kabisa, hazimsemei mwana wa kibarua aliyefungiwa mlango wa shule ya Wazungu.