Nani alilala ndani ya parke, na kwa karatasi gani?



Tarehe 21 aprili 2025, Parke ya Virunga ilitimiza miaka 100. Ile siku watu wengi waliandika juu ya gorila na volkano. Mimi nataka kuandika juu ya kitu kidogo: karatasi. Ile karatasi yenye inamupa mtu ruhusa ya kuingia ndani ya parke na kulala mule, na pesa yenye inalipwa juu yake. Nikifuata hiyo karatasi toka zamani mpaka leo, naona historia yetu vizuri kuliko nilivyoiona mu masomo.

Nilianza kuiwaza wakati nilikuwa natafuta habari za mémoire yangu juu ya maharagwe, upande wa Rutshuru. Nililala kwa mama mkubwa wangu. Shamba lake linagusana na mpaka wa parke. Siku moja alifungua mkebe wa maziwa wa zamani, akatoa kadi yake ya uchaguzi na kakaratasi kadogo kenye kukunjwa mara nne. Nikamuuliza: « Mama, hii ni nini? » Akanijibu: « Ni jeton, mwanangu. Bila hii siwezi kufika ku shamba langu. » Ilitoka kwa watu wenye bunduki. Kila wakati wa kulima, analipa.

Basi tuanze mwanzo.

Mwaka 1921, Mmarekani mmoja, Carl Akeley, alifika ku milima ya Virunga. Alitumwa na nyumba ya makumbusho ya New York kutafuta gorila. Yeye na wenzake waliua tano. Kisha moyo ulimuuma, akaanza kuomba serikali ya Ubelgiji ilinde wale wanyama. Mfalme Albert I alikuwa amezuru Marekani mu 1919 na kuona parke za kule. Mu 1925 alitia sahihi, na Parke Albert ikazaliwa. Mwaka uliofuata Akeley alirudi, akafa mule mlimani, ku mteremko wa Mikeno, na akazikwa Kabara. Kwa hiyo mmoja wa watu wa kwanza kupiga hema ndani ya parke kwa ruhusa alizikwa mulemule.

Wamarekani walikuwa wamekwisha kujua kutoza pesa: parke ya Mount Rainier ilianza kulipisha magari mu 1908. Wazo lao lilikuwa hivi: mwenye kuingia kutembea asaidie kulipa barabara na walinzi. Lakini huku kwetu mpango ulikuwa wa namna ingine. Sehemu kubwa ya parke ilifungwa kabisa, juu ya wenye kufanya utafiti. Kuingia kuliomba ruhusa ya wakubwa, na toka 1934 ile kazi ilikuwa mikononi mwa Institut des Parcs Nationaux du Congo Belge. Watalii walipewa sehemu yao, kama vile kampi ya Rwindi mu tambarare, penye waliangalia tembo na viboko.

Na wenyeji? Parke ilipanuliwa mu 1929 na miaka yenye kufuata. Watu waliokuwa wakilima, kuchunga na kuvua mule waliondolewa. Upande wa ziwa Edouard na Semliki, ugonjwa wa malale pia ulitolewa kama sababu ya kuwahamisha. Tukumbuke kwamba wakati huohuo Mkongomani hakuweza kuondoka mu eneo lake kwa muda mrefu bila kuwa na karatasi ya wakubwa. Mzungu aliomba karatasi ya kuingia mu parke; babu yetu aliomba karatasi ya kutoka kwao.

Kabara iliendelea kupokea wageni. George Schaller alikaa pale kuanzia 1959 akisoma maisha ya gorila. Dian Fossey alipiga hema yake palepale mu janvier 1967. Mu juillet ya mwaka ule, juu ya vita, askari walimushusha, akaenda kuendelea na kazi yake Rwanda. Ninasema hivi ili tuone kwamba hata mwenye karatasi nzuri, karatasi yake ina nguvu tu kama dola yenye iliitoa iko na nguvu.

Mu 1969 serikali ya Mobutu ilitoa sheria mpya ya kulinda viumbe, na ile parke ikapewa jina la Virunga. Jina lilibadilika, mpaka ulibakia. Ku ziwa Edouard, uvuvi uliruhusiwa mu vijiji vitatu tu: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Hata mule, mtumbwi bila ruhusa ni kosa. Mu 1979, Unesco iliandika Virunga kati ya mali ya dunia nzima.

Kisha 1994. Wakimbizi mamia ya maelfu walivuka kutoka Rwanda. Kampi za Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga ziliwekwa pembeni ya parke. Hakuna mtu aliyewauliza tiketi. Walihitaji kuni za kupikia, na miti ikaanguka kila siku. Ule mwaka Unesco iliweka Virunga ku liste ya mali yenye iko hatarini.

Miaka ya 2010, utalii ulirudi. Kuona gorila: dola 400. Kupanda Nyiragongo na kulala juu mu vibanda, karibu na moto: dola 300. Parke yenyewe ilitangaza kwamba 30 kwa mia ya pesa za utalii zinaenda ku kazi za jamii. Sitaki kucheka hii pesa. Walinzi zaidi ya 200 wamekufa juu ya ile parke, na wengi ni watoto wa hapahapa. Ni lazima mishahara itoke fasi. Lakini dola 300 ni mavuno mangapi ya maharagwe? Mimi nilikomaa nikiona mwangaza mwekundu wa Nyiragongo kila usiku, na sijapanda hata siku moja. Kati ya wale tulimaliza nao promotion yetu ya agronomia, sijui hata mmoja aliyelala kule juu.

Na ile tiketi nayo ilikufa. Mu mai 2018 watalii wawili Waingereza walitekwa, na mlinzi wao, msichana, aliuawa. Parke ilifungwa kwa wageni mpaka février 2019. Mu mars 2020 ilifungwa tena juu ya Covid. Kisha vita ikarudi.

Jeton haikufungwa hata siku moja. Mu Rutshuru kuko ushuru mwingine wenye watu wanaita « lala salama »: unalipa wenye bunduki ili ulale ku nyumba yako bila kusumbuliwa. Mgeni alilipa dola ili alale mu parke apate furaha. Mama mkubwa analipa ili alale kwake. Hizi karatasi mbili zimetembea pamoja, ku mpaka mmoja.

Sasa sisi wenye lisanse tufanye nini? Kuna wenzetu wenye kusema parke igawanywe yote kwa walimaji. Nimepima ule udongo: ni muzuri sana, lakini msitu ndio unashika maji yenye tunakunywa na kulimia. Kuna wengine wenye kusema kila mtu anayevuka mpaka ni mwizi. Wale hawajafungua mkebe wa mama mkubwa.

Mimi naomba vitu vitatu amani ikirudi. Bei ya mwenyeji na ya mwanafunzi iwe ndogo kabisa, na shule za pembeni ziingie bure. Ile 30 kwa mia ibandikwe ku mlango wa kila groupement, kwa Kiswahili, na hesabu yake. Na mpaka upimwe mbele ya wenye mashamba, kila mmoja apewe karatasi ya shamba lake.

Mama mkubwa hajaomba kulala mu hema. Anaomba karatasi moja tu, yenye haitalipwa tena msimu ujao.