Mfalme wa Dhahabu, Kaburi la Udongo

Futari bado, kwa hivyo hebu nikupeleke safari fupi hadi mji wa Dresden, Ujerumani. Huko kuna jumba la hazina liitwalo Grünes Gewölbe. Nyuma ya kioo utamkuta mfalme Muislamu kwenye kiti chake cha enzi, mdogo wa kutosha kiganjani mwako.

Huyo ni Aurangzeb Alamgir, aliyetawala dola ya Mughal, India, tangu 1658. Sonara Johann Melchior Dinglinger na nduguze wawili walimtengeneza kati ya 1701 na 1708. Wameonyesha siku ya kuzaliwa mfalme huko Delhi: waheshimiwa wameinama, ndovu na ngamia wamepambwa, zawadi zinaingia. Vinyago 137 vya dhahabu vilivyotiwa rangi, almasi zaidi ya 4,900, na vyote vimeenea mahali pasipofika mita moja na nusu. Si mchezo!

Aliyenunua ni Augustus, mtawala wa Saxony. Bei ilikuwa thaler 58,485, pesa za kujengea kasri. Na wakati huo nchi yake iko vitani. Mwaka 1706 majeshi ya Sweden yaliingia Saxony kwenyewe. Hata yeye alilipa kidogo kidogo.

Sasa sikiliza ajabu yake. Dinglinger hakufika India hata siku moja. Alitegemea vitabu vya wasafiri waliozuru Delhi zamani. Katika sherehe hizo mfalme alikuwa akipimwa kwenye mizani kwa dhahabu na fedha, kisha mali ile ikagawanywa. Lakini kufikia 1670 Aurangzeb mwenyewe alikuwa ameshaiondoa desturi ya kupimwa. Muziki wa barazani pia aliupiga marufuku. Yaani Ulaya wanamvisha almasi, naye kwake anapunguza mapambo!

Tusimfanye malaika, lakini. Alimfunga babake Shah Jahan mpaka mzee akafia kifungoni 1666, na nduguye Dara Shikoh aliuawa kwa amri yake 1659. Wanahistoria wangali wanabishana juu yake, na hukumu ni ya Mola.

Alifariki 1707, kazi ya Dresden ikiwa haijaisha. Husimuliwa kwamba alishona kofia kwa mkono wake ili pesa hizo zimnunulie sanda. Kaburi lake liko Khuldabad, limeachwa wazi, mvua na jua vyaliingia.

Basi ewe kijana mwenzangu, watu wawili hawa ni mmoja. Wa dhahabu alitengenezwa na waliomsikia kwa mbali. Wa udongo alijichagulia mwenyewe. Nasi Ramadhan hii tunatengeneza sura zetu: meza ya futari ya kuonyesha wageni, kanzu ya Idd ya kuwapita wenzetu. Jirani aliyefungua kwa maji matupu, je, yumo katika picha yako?

Saumu maqbul.