Neno «gereza» lilitoka kanisani

Somo: Matendo ya Mitume 16:16-40



Kila siku tunatumia maneno bila kuuliza yalitoka wapi. Meza na bendera ni maneno ya Wareno. Franga tunazotoa sadaka zilipata jina kutoka kwa franc ya Wabelgiji. Hata divai ya Meza ya Bwana ilikuja na Kifaransa cha wamisionari, «du vin». Hayo hayasumbui mtu. Lakini liko neno moja ambalo kila mkristo angepaswa kulijua historia yake, nalo ni gereza.

Wataalamu wa Kiswahili wanaeleza kwamba gereza limetokana na igreja, neno la Kireno. Na igreja maana yake ni kanisa. Ndiyo, mpendwa, umesoma vizuri. Neno ambalo Wareno walilitamka wakienda kuabudu, watu wa pwani wamelifanya jina la nyumba ya wafungwa. Ilikuwaje?

Ngome yenye jina la Yesu

Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498. Miaka saba tu baadaye, mwaka 1505, meli za Francisco de Almeida ziliteka Kilwa, kisha Mombasa ikaporwa na kuchomwa moto. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga ngome kubwa Mombasa, wakaiita Ngome ya Yesu. Jina tunalolitaja kwa machozi liliwekwa juu ya kuta nene na mizinga. Ndani ya ngome hiyo walijenga na kanisa.

Sasa mfikirie mwenyeji aliyepita nje. Injili hakuiona. Aliona ukuta, askari na bunduki. Kwake igreja na ngome vilikuwa kitu kimoja.

Sikia pia habari ya Yusuf bin Hasan. Baba yake, mfalme wa Mombasa, alikosana na mkuu wa ngome, akauawa mwaka 1614. Mtoto alipelekwa Goa, India, akalelewa na watawa, akabatizwa na kupewa jina la Jerónimo. Baadaye alirudishwa kutawala mji wa baba yake chini ya Wareno. Mwaka 1631 aliasi, akamwua mkuu wa ngome, akarudi katika Uislamu, na wakristo wengi wakauawa. Damu ile hatuwezi kuihalalisha. Lakini tujiulize kijana huyo alifundishwa Yesu gani, ikiwa waliombatiza na waliomfanya yatima walikuwa watu wa taifa moja na ngome moja.

Waomani waliizingira ngome tangu 1696, wakaiteka 1698. Kule Unguja walijenga ngome yao mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na baadaye wafungwa wakawekwa humo. Kilwa Kisiwani, ngome ya kale inaitwa Gereza mpaka leo. Na ile Ngome ya Yesu, Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Ndivyo neno lilivyotembea: kwanza kanisa, kisha ngome, mwisho nyumba ya wafungwa. Kiswahili kilipopanda bara na misafara mpaka Kasongo na Nyangwe, na baadaye na Biblia, neno hilo nalo likawa letu. Mtaani tunasema prizo, lakini tukifungua Matendo ya Mitume tunasoma gereza.

Mwanzo wake ulikuwa uhuru

Tukirudi nyuma zaidi, igreja yenyewe imetoka kwa neno la Kigiriki ekklesia. Hilo lilikuwa mkutano wa raia wa mji, watu huru walioitwa kukaa pamoja na kuamua mambo yao. Katika Matendo 19 Luka analitumia kwa mkutano wa watu wa Efeso. Neno letu kanisa lilipita kwa Waarabu, nalo mzizi wake ni kukusanya. Lina undugu na jina ambalo Wayahudi wanaiita sinagogi. Katika maneno yote mawili hamna ukuta, hamna kufuli. Mna watu waliokusanyika. Basi neno la mkutano wa watu huru liliishia kuwa jina la minyororo, na waliolifikisha huko walikuwa watu wanaobeba msalaba.

Filipi ilikuwa kinyume. Paulo na Sila walipigwa, wakafungwa miguu, lakini usiku wa manane waliomba na kuimba. Milango ikafunguka. Kabla ya mapambazuko askari wa gereza alikuwa anawaosha vidonda, na nyumba yake yote imebatizwa. Filipi gereza liligeuka kanisa. Mombasa kanisa liligeuka gereza.

Na sisi je?

Ndugu na dada, tusiwacheke Wareno. Katika nchi yetu wako watoto waliosingiziwa uchawi, wakafungiwa ndani ya kanisa siku nyingi bila chakula, eti wanakombolewa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inaadhibu kusingizia mtoto uchawi, lakini sisi hatukupaswa kungojea sheria. Wako wagonjwa wanaokatazwa dawa. Wako washirika wanaotishwa laana wakitaka kuhama. Mahali kama hapo bango la nje linasema kanisa, lakini mtoto aliyelia mle ndani ataliita kwa jina lingine, na jina hilo atawafundisha watoto wake.

Hakuna mtu aliyekaa akaamua kwamba kanisa liitwe gereza. Watu walisema tu walichokiona. Jirani zetu nao wanatuangalia.

Kwa hiyo, kama unajua mtoto au mgonjwa aliyefungiwa katika chumba cha maombi, usingoje ibada ya Jumapili. Nenda leo pamoja na wazee wawili wa kanisa, mtoe, mpeni chakula, mpelekeni kwa mganga wa hospitali. Na sisi wachungaji tuanze kwa kukagua vyumba vyetu wenyewe. Yule aliyesema katika sinagogi la Nazareti kwamba ametumwa kwa ajili ya waliofungwa, hawezi kukaa pamoja nasi tukishika ufunguo kwa nje.

Mungu awabariki. Amina.