Riwaya ya Ujasusi ya Kiswahili na Dar es Salaam ya Ukombozi

Riwaya ya ujasusi ya Kiswahili ilizaliwa katika miaka ambayo Dar es Salaam ilikuwa makao ya harakati za kuikomboa Afrika. Kitabu kilichoifungulia njia ni Kufa na Kupona cha Aristablus Elvis Musiba, kilichochapishwa mwaka 1974. Humo nyaraka za siri za ukombozi zinaibwa Dar es Salaam, na mpelelezi wa Tanzania aitwaye Willy Gamba anatumwa Nairobi kuzifuatilia. Kwa kuwa kitabu hiki kilitoka wakati sinema za James Bond zikipendwa duniani kote, ni rahisi kukiona kama Bond aliyevalishwa Kiswahili. Umbo lilitoka huko, ni kweli. Lakini kiini chake kilitoka kwenye mitaa na ofisi za Dar es Salaam, na historia ya mji huo ndiyo inayoeleza kwa nini Willy Gamba alipendwa kiasi kile.

Kabla yake, wasomaji walikwisha kuzoea hadithi za upelelezi. Mzanzibari Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58 kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, ikachapishwa kitabu mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ni mtu wa kiko na tafakuri, anayefumbua mafumbo akiwa na rafiki yake Najum. Hatumwi na serikali, na siri anazozifumbua ni za nyumba na koo: nani mtoto wa nani, mali ni haki ya nani, nani kamuua nani. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na kazi ya upelelezi ikahamia Dar es Salaam, mikononi mwa Inspekta Wingo wa polisi. Mwenye kufumbua siri akawa mtumishi wa dola. Ilibaki hatua moja tu, siri yenyewe iwe ya taifa na adui awe nje ya mipaka.

Lugha ilirahisisha hatua hiyo. Neno mpelelezi linamfaa askari kanzu anayemsaka mwizi, na linamfaa vilevile ofisa wa usalama anayelinda siri za nchi. Mitaani wapo makachero na mashushushu. Jasusi, neno lililotoka katika Kiarabu, mara nyingi huachiwa mtu wa upande wa pili. Kwa hiyo msomaji aliyemzoea Inspekta Wingo hakuhitaji msamiati mpya ili kumpokea Willy Gamba.

Mji ndio uliotoa habari za kuandikwa. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoanzishwa Addis Ababa Mei 1963, Kamati yake ya Ukombozi ilipewa makao Dar es Salaam. Vyama vya ukombozi vya Afrika Kusini, Msumbiji, Angola, Zimbabwe na Namibia vilifungua ofisi mjini, na wapiganaji wakapata kambi bara, kama vile Kongwa na Nachingwea. Fedha, silaha, hati za kusafiria na mipango ya vita vilipita hapo, na palipo na vitu hivyo wapelelezi hawakosekani. Wareno na makaburu walitaka kujua nani ameingia na meli ipi imeshusha nini. Wamarekani, Warusi, Wachina na Wajerumani wa pande zote mbili walitaka kujua Tanzania inaegemea wapi. Che Guevara alipita Dar es Salaam mwaka 1965 akielekea Kigoma na Kongo. Vita alivyokwenda kupigana huko viliposhindikana, alirudi kujificha katika ubalozi wa Kuba mjini humo, akaandika kumbukumbu zake. Katika baraza la hoteli ya New Africa, wanadiplomasia, waandishi wa habari na wapigania uhuru walikaa meza za jirani, kila mmoja akimtegea mwenziwe sikio.

Mkasa wa Januari 1965 unaonyesha hali ilivyokuwa. Serikali ya Tanzania iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, Robert Gordon aliyekuwa Dar es Salaam na Frank Carlucci aliyekuwa Zanzibar, kwa tuhuma za njama. Chanzo kilikuwa mazungumzo yao ya simu yaliyonaswa. Kwa maelezo ya upande wa Marekani, wawili hao walikuwa wakishauriana namna ya kuishawishi Washington itume salamu za pongezi kwa mwaka mmoja wa Mapinduzi ya Zanzibar. Katika kusema kwao walitumia maneno ya silaha, wakimaanisha hoja za kujengea ombi hilo. Waliosikiliza waliyachukua maneno kama yalivyo. Mwaka mmoja tu baada ya mapinduzi na maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, tena katika eneo ambalo Kongo ilikuwa inawaka moto, hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Carlucci baadaye akawa naibu mkurugenzi wa CIA, kisha waziri wa ulinzi wa Marekani.

Miaka minne baadaye siri zilimwaga damu. Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, alichukua barua zake kwenye ofisi ya chama, Mtaa wa Nkrumah, akaenda kufanya kazi katika nyumba ya rafiki huko Oysterbay, karibu na bahari. Miongoni mwa vifurushi kulikuwa na kimoja chenye kitabu. Alipokifungua, bomu lililofichwa ndani ya kitabu hicho lilimlipukia na kumuua papo hapo. Mji mzima ulitambua kwamba adui anaweza kuingia kwa njia ya posta. Mwaka 1973 Amílcar Cabral, kiongozi wa ukombozi wa Guinea-Bissau, aliuawa Conakry, na Machi 1975 Herbert Chitepo, kiongozi wa ukombozi wa Zimbabwe, aliuawa kwa bomu Lusaka. Watu waliokuwa wakisikia habari hizi redioni ndio hao hao waliokuja kununua riwaya za Musiba.

Mbali na habari za redioni, watu walikuwa na burudani. Ian Fleming alimuunda James Bond mwaka 1953, na filamu ya kwanza, Dr. No, ilitoka mwaka 1962. Majumba ya sinema ya Dar es Salaam, na Drive-in iliyofunguliwa mwaka 1966, yalijaza vijana waliopenda magari ya kasi, suti na bastola. Kuanzia mwaka 1968 gazeti la hadithi za picha la African Film lilisambaa Afrika Mashariki na Magharibi likiwa na Lance Spearman, mpambanaji mweusi wa kofia na sigara. Kwa mara ya kwanza wasomaji wengi waliona Mwafrika akishika nafasi ambayo kwenye sinema ilikuwa ya Mzungu.

Musiba aliunganisha mikondo hiyo miwili. Kutoka kwa Bond alichukua mpelelezi mtanashati, mjuzi wa silaha na mapigano, anayependwa na wanawake, pamoja na mkubwa wa kazi ambaye kwa Willy Gamba huitwa Chifu. Kutoka Dar es Salaam alichukua sababu ya kupigana. Bond hulinda maslahi ya dola kubwa inayopoteza makoloni yake. Willy Gamba ni mtumishi wa nchi changa, lakini anachokilinda ni uhuru wa nchi ambazo bado hazijawa huru. Adui zake ni makaburu, Wareno na mamluki, na zaidi ya wote, Waafrika waliokubali kununuliwa. Kibaraka ndiye anayeogopwa kuliko wote katika riwaya hizi, kwa sababu ana sura ya ndugu. Nchi jirani nazo si mandhari ya kupamba tu. Kikosi cha Kisasi (1979) kinampeleka Willy Gamba Kinshasa kuwasaka wauaji wa viongozi wa ukombozi, na vitabu vilivyofuata, kama Njama na Hofu, vikaendeleza vita dhidi ya ubaguzi wa rangi. Msomaji wa Mwanza au Tanga alijifunza ramani ya Afrika kwa kumfuata mpelelezi huyu.

Wengine walifuata njia hiyo kwa namna zao. Nchini Kenya, David Maillu alitoa mwaka 1980, kwa Kiingereza, riwaya ya jasusi Benni Kamba 009. Tanzania ikampata Ben Mtobwa na shujaa wake Joram Kiango, mpelelezi anayejitegemea, mwenye ulimi mwepesi kuliko Willy Gamba. Katika Tutarudi na Roho Zetu? (1987) Joram naye anajikuta akipambana na hila za utawala wa makaburu. Mtu asiye mwajiriwa wa serikali anavutwa kwenye vita hivyo hivyo. Hiyo ni dalili kwamba ukombozi ulikuwa umeshakuwa jambo la kila raia.

Wahakiki waliziweka kazi hizi katika fungu la fasihi pendwa, na wengi walizidharau. Walilalamika kwamba mashujaa hawa wanaishi maisha ya anasa yasiyolingana na siasa ya ujamaa, na kwamba wanawake humo mara nyingi ni chambo au mapambo. Lawama hiyo ya pili ni ya haki. Hata hivyo vitabu vilipita mkono kwa mkono katika mabasi, mabweni na kambi, na vilifundisha watu wengi kupenda kusoma kwa Kiswahili bila kulazimishwa na mtihani.

Zimbabwe ilipata uhuru mwaka 1980, Namibia mwaka 1990, na Afrika Kusini ikafanya uchaguzi wa watu wote Aprili 1994. Mwaka huo huo Kamati ya Ukombozi ilifungwa, Brigedia Jenerali Hashim Mbita akiwa katibu mtendaji wake wa mwisho. Riwaya ya ujasusi ikapoteza adui wake mkuu. Musiba alimpeleka Willy Gamba kwenye mkasa wa Rwanda katika Uchu, lakini yeye mwenyewe alikuwa amejikita zaidi katika biashara, na aliongoza chemba ya biashara, viwanda na kilimo ya Tanzania. Mtobwa alifariki mwaka 2008, naye Musiba mwaka 2010. Idara ya usalama yenyewe ilipewa sheria yake mwaka 1996, ilhali kwa zaidi ya miaka 20 wasomaji walikuwa wameijua kwa jina moja tu, Willy Gamba.