Sabuni na hesabu ya taka zake

Anayetengeneza sabuni katika mtaa wa Umoja, jijini Nairobi, anaweza kuupima mmenyuko wake wa kemikali kwa hesabu itumiwayo maabarani. Mwaka 1991, Barry Trost wa Marekani alipendekeza kipimo cha atomu, yaani sehemu ya malighafi inayoishia katika bidhaa. Gramu 891 za mafuta aina ya tristearini na 120 za kostiki soda hutoa takriban gramu 919 za sabuni na 92 za gliserini. Asilimia 91 huwa sabuni. Mwaka 1992, Roger Sheldon aligawanya uzito wa taka kwa uzito wa bidhaa. Gliserini ikimwagwa mtaroni, jibu ni 0.1; ikibaki ndani ya sabuni, hukaribia sifuri. Hata hivyo, vipimo hivyo havionyeshi sumu: kostiki soda iliyozidi huunguza ngozi.